Hatua Nne za Upepo

Sogeeni, wanangu, sogeeni hapa karibu na kitanda, maana sauti niliyobakiwa nayo haivuki hata mlango, na wewe Kakule acha kusimama hapo kizingitini kama mtu anayengoja gari la kwenda Kasese. Kaa chini. Muhindo, binti yangu, niinue kidogo, weka ule mto wa mama yako nyuma ya mgongo wangu, hivyo, hivyo, inatosha. Hiyo simu iweke hapa kifuani ikamate maneno, na kama chaji imebaki kidogo basi nyamazeni nyote, nisipoteze hata tone moja. Nyumba ya fundi wa umeme, na simu inateremshwa mpaka Bwera mjini kuchajiwa kwa Muhamood! Chekeni, sikatazi. Mimi mwenyewe ningecheka kama mbavu zingeniruhusu.

Nasema Kiswahili, si Lhukonzo, kwa sababu nataka kila mtu aliyemo chumbani asikie kwa sikio lake mwenyewe, asije mtu kesho akasema alitafsiriwa vibaya. Kemigisha, mke wa mwanangu, umetoka Karusandara na lugha yetu bado inakuponyoka. Bénit, mkwe wangu, ulivuka kutoka Beni na hicho Kiswahili chako cha ng'ambo ya mto, chenye "iko" nyingi kuliko maharage sufuriani. Na mimi changu nilikiokota mgodini Kilembe nilipokuwa kijana, nikasuka nyaya za mota mchana na kukisuka Kiswahili na wenzangu wakati wa chakula. Basi lugha hii ni ya sisi sote, hakuna mwenyewe, na neno likisemwa ndani yake halina pa kujificha.

Sikilizeni, wanangu. Mimi Yonasani ninakufa, na msinibishie, maana miguu hii mnaiona ilivyovimba, na tangu Jumapili uji wenyewe unapita kooni kwa kuomba ruhusa. Kufa hakunitishi. Linalonitisha ni moja tu, na nitalisema mwanzo kabisa ili hata nikikatika katikati liwe limeshasemwa: nataka kuzikwa kando ya Blandine, mama yenu, pale chini ya kahawa, ubavu wake wa kushoto, mahali nilipopaacha wazi mwenyewe siku tulipomzika. Si mahali pengine. Kakule, unanitazama nini? Nimesema si mahali pengine.

Watu hudhani mgonjwa akifumba macho na masikio yake yamefungwa. Juzi alasiri mlikuwa nyuma ya ukuta huu, wewe na Bénit, mnamenya miwa, na mimi hapa nimelala kama gogo, nikakusikia ukisema: "Muzee akifa, tunamuzika pale kwa mikalitusi. Kaburi iko cheti. Nani atafukua mufu?" Bénit, ambaye huniita mimi baba mkwe wake Bopere, akakuuliza, na Mungu ambariki kwa kuuliza, "Na Bopere mwenyewe atakubali?" Ukacheka, mwanangu. Ukasema, "Mufu anakatalaka?"

Kweli, maiti haulizwi sanda. Nililala hapa nikalia, na chozi likaniingia sikioni kwa sababu sina nguvu hata ya kugeuza kichwa. Nimekulea, Kakule. Wewe ni wa nne, jina lako lenyewe linasema, na watatu waliokutangulia surua iliwafagia kabla hawajajua kuita baba, nikakubeba wewe mgongoni mimi mwanamume, watu wakinicheka, kwa hofu kwamba nikikuweka chini ardhi itakuchukua. Leo wewe ndiye utakayenibeba mabegani, na ukifika njia panda ukageuka kushoto badala ya kulia, nitafanya nini? Nitapiga kelele ndani ya sanduku? Ndiyo maana nasema sasa, ningali na ulimi, maana ulimi ndio mkono wangu wa mwisho.

Nakujua huna moyo mbaya. Nilisikia pia ulichosema baadaye, kwamba kaburi likiwa pale kipande kile kitarudi kwetu, na miti itakuwa yetu, na tukiikata upepo wa Baba utarudi, na ile ndege yake ya kuleta taa itazunguka tena. Ulidhani unaniheshimu. Ulitaka kunizika penye ugomvi ili nipate kwa mifupa yangu kile nilichokikosa kwa ujanja wangu. Lakini hujui ujanja huo ulikuwa mrefu kiasi gani, hakuna anayejua, hata mama yenu alikufa hajui, na leo nitautoa wote, kama mtu anavyotoa mwiba uliokaa mpaka ukatunga usaha.

Kemigisha, wewe ulikuja baadaye, kwa hiyo nitaanzia mbali. Baba yangu aliacha kilima hiki kwa watoto wawili wa kiume, mimi na mdogo wangu Ezironi, ambaye nyumba yake mnaiona kila siku ng'ambo ya migomba na moshi wake unaingia jikoni kwetu bila kubisha hodi. Alipoona anazeeka akatuita tungali wadogo, mimi wa miaka kumi na miwili, Ezironi wa minane, akapanda mimea ya mpaka kutoka juu mpaka chini kwenye korongo, ile yenye majani marefu ambayo hata ukiing'oa ukaitupa njiani itachipua. Lakini mmea unahamishika, na Baba alijua amezaa watoto wa namna gani. Akampa kila mmoja wetu kikapu cha mkaa wa jikoni. Mimi akanituma mwisho wa juu, Ezironi akamtuma mwisho wa chini, kila mtu achimbe kwa urefu wa mkono wake na azike mkaa wake, na asimwambie mwenzake ni wapi hasa. Akasema, "Mmea hufa, jiwe huviringika, mtu husema uongo, lakini mkaa hauozi. Siku mkigombana, fukueni."

Maneno hayo niliyaweka miaka arobaini. Kisha mgodi ulikuwa umefungwa zamani, nimerudi kulima, kahawa yangu imebanana, na kila asubuhi nikitazama upande wa Ezironi naona udongo mweusi unaojilalia tu. Basi kila msimu wa mvua, ardhi ikiwa laini, nilikuwa nang'oa mmea mmoja mmoja na kuusogeza upana wa kiganja. Kiganja kimoja, wanangu. Nani atagombana na nduguye kwa kiganja? Mwaka wa kwanza kiganja, mwaka wa pili kiganja, na viganja vikazaa hatua, na hatua zikawa nne. Nilipoona zimetimia nikapanda mikaratusi kumi na mmoja kwa mstari kule chini penye korongo, ili mpaka ukae sawasawa, mtu akija aone miti mirefu aseme huo ndio mpaka wa siku zote. Na nilifurahi pia, nisiwadanganye, kwamba mkaratusi hunywa maji kama punda na migomba ya Ezironi ingekauka midomo.

Ezironi si mjinga. Aliita wazee wa ukoo, wakaja na fimbo zao wakakaa katika uwanja wake wa kuanikia kahawa, akasema neno moja tu: "Fukueni mkaa." Nikawatazama kwa dharau, kwa sababu mimi mkaa wangu wa mwisho wa juu nilikuwa nimeshaufukua siku nyingi, kipande kwa kipande, nikautia jikoni mama yenu akapikia sombe. Nilisahau kitu kimoja. Nilisahau kwamba mkaa wa chini haukuwa wangu. Aliuzika mtoto wa miaka minane, na mtoto huyo sasa alikuwa mwanamume mwenye ndevu aliyetembea moja kwa moja mpaka nyuma ya miti yangu, ndani ya shamba nililoliita langu, akapiga jembe mara tatu, na mkaa ukatoka mweusi kana kwamba umezikwa jana. Hatua nne, zilizohesabiwa mbele ya watu. Mla kuku wa mwenzie miguu humwelekea, na yangu ilinielekea mbele ya ukoo mzima.

Wazee wakahukumu: kipande cha chini kirudi kwa Ezironi pamoja na miti iliyomo, iwe ndiyo fidia. Nikasema, basi aikate. Ezironi akaishika mikaratusi ile, mmoja ulikuwa hauzidi kimo cha mbuzi aliyesimama, akasema mbele ya wote, na Muhindo wewe ulikuwepo: "Shoka yangu haitagusa hii miti Yonasani akiwa muzima. Niache ikue. Kila siku akitoka inje, aione." Wakati ule nilisema moyoni, ikue mpaka mbinguni, inanihusu nini? Kumbe ndiye aliyenihukumu kuliko wazee wote, na hata yeye hakujua.

Nipeni maji. Kwa kijiko, Muhindo, si kwa kikombe. Asante.

Mwaka ule Bénit alipovuka mto Lhubiriha na godoro kichwani, akikimbilia amani akamkuta Muhindo, ndio mwaka nilioanza kufikiria upepo. Nguzo za umeme zilikuwa zimesimama Bwera mjini, zimetuona sisi wa kilimani, zikaona tu wazito kubebeka. Na mimi kila alasiri nasikia upepo huu unaotoka upande wa Kongo, unapanda na korongo, unanyanyua mabati, unakwenda zake bure, nikasema: huyo ni kibarua anapita mlangoni hana tajiri. Bénit ni fundi wa kuchomelea vyuma, mimi ni msukaji wa nyaya. Tukachukua shaba ya mota iliyoungua ya mashine ya kusagia mihogo, tukavunja spika mbovu za muziki tukatoa sumaku, tukapata kitovu cha gurudumu la gari chenye beringi zake mbili, na Bénit akachonga panga tatu kwa mti wa msizi kwa subira ya mtu anayechonga msalaba. Mkia tukaukata katika bati. Tukausimamisha mtambo wetu wa upepo juu ya mabomba matatu yaliyoungwa, tukaufunga kwa waya pande nne, tukashusha nyaya mbili mpaka kwenye betri ya lori chini ya kitanda hiki hiki. Kijiji kizima kikaja kututania. Wakauita ndege ya Yonasani, wakauliza inaruka lini na tiketi zinakatwa wapi.

Alasiri upepo ulipokuja, panga zikajizungusha mara moja kivivu, mara mbili, kisha hazikuonekana tena ila duara la kivuli, na ndani ya nyumba taa ikawaka. Taa mbili tu, wanangu, na redio, na simu za majirani waliokuwa wakitutania, wamezipanga juu ya meza kama samaki wa Katwe. Mama yenu alichukua ungo wa maharage akakaa chini ya taa akaanza kuchambua, na maharage yalikuwa yamechambuliwa tayari. Miaka sita alikaa hapo. Nikiulizwa mbele ya Mungu nilifanya nini duniani, nitasema niliwasha hiyo taa, na nikisema hivyo nitakuwa nimesema ukweli na nusu ya uongo, kama mtakavyosikia.

Kwa maana miti ilikuwa inakua. Mkaratusi haulali. Mwaka wa kwanza sikuona, wa pili sikutaka kuona, wa tatu taa ikaanza kukonyeza. Upepo ukikutana na mti haufi, unachanganyikiwa. Unageuka, unajirudia, unapiga panga upande huu na upande ule, na mtambo ukawa unageuza kichwa kama mtu anayeitwa na watu wawili kwa mara moja. Tukaongeza bomba la nne, likapinda na kulalia paa la jiko, tukalitoa. Tukataka kuuhamishia kwenye mgongo wa kilima, lakini huko si kwetu. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na mimi ilikuwa miti kumi na mmoja, yote niliipanda kwa mikono yangu, yote inatembea kuja juu na kusimama kati yangu na upepo. Usiniambie sola, Kakule, najua, umeileta na nakushukuru, inatoa taa ya kutosha kumwona mtu ni nani, na ukungu ukishuka mlimani siku tatu nayo hulala usingizi kama mimi.

Mama yenu aliniambia, "Yonasani, vuka migomba uende kwa mudogo wako. Piga magoti. Yeye iko mutu, si muti." Nikasema nitakwenda kesho. Nilisema kesho mwaka mzima. Kisha akaugua, na jioni ile ya mwisho taa ilikuwa imebaki uzi mwekundu tu ndani ya glasi, akaniuliza kama macho yake ndiyo yamefifia au ni taa. Nikamwambia ni macho yako, mama. Nilimdanganya mwanamke anayekufa ili nisiseme ni miti yangu. Na mnajua hapa kwetu mbao za jeneza hutolewa na ndugu. Ndugu zake walikuwa Butembo na barabara ilikuwa imefungwa kwa vita, Ezironi ambaye ni shemeji yake alikaa kimya nyuma ya migomba, na mama yenu akazikwa katika mbao zilizonunuliwa sokoni Mpondwe kama mgeni aliyefia safarini. Sikumlaumu. Ningemlaumu kwa mdomo upi?

Sasa ninyamazieni, hapa ndipo penye mwiba.

Wazee waliupata mkaa wa chini. Wakaniuliza, na wa juu uko wapi, tunyooshe mstari? Nikasimama mbele yao, mtu mzima mwenye mvi, nikaonyesha kidole mahali ambapo si penyewe. Nikasema ulizolewa na maji ya mvua, lakini ni hapa. Na Ezironi hakuweza kubisha, kwa sababu yeye hakujua nilizika wapi, Baba alitukataza kuambiana. Kwa hiyo mpaka mnaouona leo umenyooka chini na umepinda juu, na kule juu bado nimekalia hatua nne za ndugu yangu. Mnalijua jiwe jeupe mama yenu alilokuwa akianikia mihogo? Lile jiwe nililiviringisha mimi kuziba shimo nilikotoa mkaa. Chini yake ndipo penyewe. Alianika mihogo juu ya wizi wangu miaka yote, akawalisheni ninyi, na mimi nikala pamoja nanyi nikasema mihogo mitamu.

Haya, Bénit, wewe una jicho la fundi, chora mstari kichwani kutoka mkaa wa chini mpaka kwenye jiwe. Unaona unapita wapi? Unaona mtambo umesimama upande gani? Ndiyo. Niliusimamisha juu ya ardhi ya Ezironi. Nilichagua mahali pale kwa makusudi, nikasema nguzo ikishasimama hapo na waya zake nne, nani atauliza tena? Kumbe, Kakule, wewe na mimi ni mtu mmoja. Mimi nilitumia mtambo, wewe ulitaka kutumia baba yako. Sikukuzaa kwa bahati mbaya.

Kwa hiyo hili ndilo neno langu, na simu ishuhudie. Nyumba hii ni ya Kakule na Kemigisha, na kahawa ya mbele ni yao. Kahawa ya nyuma na mbuzi wote ni wa Muhindo, na asinyang'anywe kwa kuwa ni mwanamke, maana alikuja baada ya wavulana wanne ndipo akaitwa Muhindo, aliyegeuza, na kweli aligeuza, ndiye aliyeniogesha. Vyombo vyangu vya kusukia nyaya ni vya Bénit, pamoja na patasi yake ambayo nimekuwa nikiapa miaka mitano kwamba sikuiona. Imo chini ya godoro. Siku ya kunizika, kabla udongo haujarudishwa, ondoeni jiwe jeupe, chukueni mkaa katika jiko lile la mama yenu, na Kakule mwenyewe auzike pale kwa urefu wa mkono wake, Ezironi akiangalia. Kisha ng'oeni mimea ya mpaka ya juu mwirudishe inakotakiwa. Na mtambo, kila kitu, panga, mkia, bomba na betri, ni wa Ezironi. Si zawadi. Ardhi ni yake, miti ni yake, upepo unaopita hapo katikati ni wake, mimi nilikuwa mpangaji asiyelipa. Akitaka aung'oe afanyie banda la kuku.

Usiinuke, Kakule. Kaa. Najua unauma meno. Sina fimbo, sina mguu wa kukufuata, ukitoka mlangoni humo ukafanya lako sitakuzuia, nitakuwa nimelala tu popote utakaponiweka. Nimemwita Ezironi mara tatu. Mara ya kwanza nilimtuma Kemigisha, akaambiwa yuko Maliba kwa wakwe; mara ya pili, yuko shambani; mara ya tatu alimtazama Muhindo akarudi ndani. Sikupata kupiga magoti nilipokuwa nayo magoti. Sasa ninayo haya, yamejaa maji, hayakunjiki. Linalowezekana leo lisingoje kesho, nanyi mmeona kesho yangu ilivyo.

Ni nini hiyo?

Hamsikii? Hiyo, kama nyuki kwenye debe. Ni msumeno wa mashine. Kakule, umemtuma nani? Umetuma watu wasafishe mahali pa kaburi, na mimi bado ninasema? Niapie. Niapie kwa mama yako. Muhindo, nenda, binti yangu, nenda kaangalie, kimbia, na uje uniambie kilichopo, si kile unachodhani nataka kusikia.

Nishike mkono, Kemigisha. Una baridi mkono wako, au ni wangu.

Sema, Muhindo. Sema kwa sauti, simu isikie. "Ni Baba mudogo." Peke yake? "Yeye na mutu wa msumeno. Anakata mukalitusi wa katikati. Nimemuliza, anasema ni ya mbao." Mbao za nini? Mbona unainama? Mbao za nini, mama?

Aha.

Aliapa shoka lake halitaigusa mimi nikiwa mzima. Basi amenihesabu nimekwisha kufa, au amevunja kiapo kwa ajili yangu. Ni moja kati ya hayo mawili, wanangu, na sitalijua. Kamwulizeni. Hapana. Msimwulize. Mwacheni akate, kazi ya msumeno haitaki maneno. Lakini mwambieni mbao zisiwe nyingi, nimekonda, abakize za kutosha... abakize.

Mti mmoja hautoshi, Bénit, wajua. Upepo unataka uwazi zaidi ya huo. Lakini ni wa katikati. Ametoa wa katikati.

Njooni sasa niweke mkono, nileteeni vichwa, mkono haufiki. Kakule, kichwa chako kwanza. Mungu aliyekuacha wewe kati ya wanne akupe watoto wasiofanana na mimi. Msiombe ardhi kubwa, ombeni mpaka ulio wazi. Kemigisha, tumbo lako libarikiwe na jiko lako lisikose moto. Bénit, siku moja urudi kwenu Beni bila godoro kichwani, na ukirudi, urudi tena huku. Muhindo... Muhindo, wewe nimeshakubariki kila siku uliyonigeuza kitandani. Mle pamoja. Jumapili mle pamoja, na Ezironi awepo.

Kando ya mama yenu. Ubavu wa kushoto.

Umekwisha? Msumeno umenyamaza. Mti umeanguka, nimeusikia hapa mgongoni. Fungueni dirisha. Pana zaidi. Ni alasiri bado, si ndiyo, upepo wa Kongo... Nyamazeni. Kuna kitu kinalia kule juu, kwi, kwi, kama mlango. Ni wenyewe? Ni wenyewe unazunguka, au ni masikio yangu? Msinidanganye kama nilivyomdanganya... mwacheni. Msinijibu.

Beringi hiyo imekauka. Miaka haijaguswa. Kakule, nenda wewe, vuka migomba, mwambie mwenye mtambo... mwambie Baba mdogo wako... inataka grisi.